Mtoto analindwa kupitia mama yake

Kesi ya watoto wanaoishi kwenye nyumba ambamo baba humpiga mama ikifika kwa maofisa ustawi wa jamii, anayehojiwa ni mama: kwa nini hukuwaondoa mapema? Swali hilo lina msingi. Mtoto haumii kwa kupigwa tu. Kelele za usiku zinatosha kumvurugia usingizi, masomo na imani yake kwa watu wazima. Wapo pia akina mama ambao hofu imewamaliza hadi wao wenyewe wanawachapa watoto au kuwatelekeza. Wanaosema mtoto kwanza, aondolewe hata kwa mama anayepigwa, wana haki ya kusikilizwa.

Lakini tufuate hoja yao hadi mwisho. Mama akishajua kwamba kusema "napigwa" kunaweza kumpokonya watoto, atanyamaza. Daktari ataambiwa ameteleza. Mtoto atafundishwa asimwambie mwalimu. Polisi hawatamwona. Kila mahali msaada ungeanzia, yeye ndiye atakayepafunga, na atakayebaki ndani na mpigaji ni mtoto yule yule tuliyedai kumlinda. Wala hatuzungumzii wachache: mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa asilimia 27 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliowahi kuwa na mwenza wamefanyiwa naye ukatili wa kimwili au kingono. Ukimya wa wote hao ni hasara ya watoto wangapi?

Huko New York, Marekani, jambo hili lilifika mahakamani. Mwaka 2002 jaji wa shirikisho aliamua kuwa kuchukua watoto kwa sababu tu mama yao amepigwa kunavunja katiba. Mwaka 2004 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikaongeza kwamba mtoto kushuhudia kipigo hakutoshi, peke yake, kuthibitisha uzembe wa mama.

Tena mengi yanayoonekana kuwa malezi mabaya ni ulinzi. Anayewafokea watoto wanyamaze kabla mume hajaingia anajua kitakachofuata wasiponyamaza. Akiondoka, hatari mara nyingi hupanda, na siku za baba kuwaona watoto hugeuka njia mpya ya kumfuatilia. Huku nyumbani mtoto anakojoa kitandani, na mwanawe wa kiume anamtukana kwa maneno ya baba yake.

Mama huyu hupelekwa kwenye darasa la malezi, akafundishwe subira. (Mpigaji apelekwe wapi, faili halisemi.) Darasa si baya, ila halilipi kodi ya nyumba wala halimshikii mtoto akienda kazini. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 uliwatibu pamoja mama na watoto wao wa miaka 3 hadi 5, kila wiki kwa takriban mwaka mzima, na matatizo ya tabia ya watoto yakapungua. Ni kazi ndefu, na inataka fedha.

Mtoto aondolewe kwa mama pale hatari inapotoka kwa mama mwenyewe, au kila njia ya kuwalinda wote wawili ikishajaribiwa ikashindikana. Kabla ya hapo, wa kuondolewa nyumbani ni aliyepiga.