Nani afute mkato katika kitabu cha asiyeona?

Aliyesoma shule ya msingi anaikumbuka imla. Mwalimu anasimama mbele ya darasa na kusoma: "Mama alikwenda sokoni mkato akanunua samaki nukta." Na hakosekani mtoto anayeandika "mkato" kwa herufi zake zote tano. Tulikuwa tukimcheka. Siku hizi namkumbuka kila nikiketi barazani kwa jirani yangu wa Magomeni, mwalimu mstaafu aliyepoteza uwezo wa kuona ukubwani, akisomewa riwaya na kompyuta. Mashine inamsomea kama iko darasani inatoa imla, ila hakuna anayeandika.

Mimi ni mmoja wa watu wachache tunaojitolea kusahihisha vitabu vilivyopigwa skani ili wasioona wavisome kwa kusikiliza. Ubishi wetu mkubwa ni huu: alama za uakifishaji tuziache kama mwandishi alivyoziweka, au tuzipunguze ili sikio lipumue?

Wanaotaka zipunguzwe hawasemi ovyo. Chukua sentensi fupi: "Umekula?" aliuliza Mama. Kompyuta nyingi hapa mjini zimewekwa kwa Kiingereza, na programu ya kusoma skrini ikiruhusiwa kutaja kila alama, Mwalimu anasikia: "kwoti umekula kwesheni kwoti aliuliza Mama doti." Ukurasa mmoja wa mazungumzo unatosha kumpa mtu kichwa kuuma. Ongeza takataka za skani: vistari vya mwisho wa mstari vinavyokata "kitabu" kuwa "kita bu", mapambo ya sura yanayosomwa "kinyota kinyota kinyota", doa la wino lililogeuka kuwa mkwaju. Mwenzetu mmoja, kijana wa Temeke mwenye mikono myepesi kwenye kibodi, alitengeneza amri moja inayofagia vyote: alama za usemi, mikato, dashi, mabano, nukta za dukuduku. Kitabu kinatoka laini. Alipomsikilizisha Mwalimu mara ya kwanza, Mwalimu alisema, "Mwanangu, leo nimepumzika."

Sasa subiri yaliyofuata. Siku mbili baadaye Mwalimu akanipigia simu kuuliza ni nani hasa hana fedha katika sura ya tatu. Nikafungua kitabu cha karatasi. Palikuwa na sentensi ya aina hii: "Mama amekuja," alisema dada, "lakini hana fedha." Kwenye faili letu ilikuwa imebaki: Mama amekuja alisema dada lakini hana fedha. Habari ya fedha ni maneno ya dada, au ni msimulizi anayetuibia siri pembeni? Mwenye karatasi anajua kwa kutupa jicho. Mwalimu alirudia mstari ule mara nne, kisha akaamua kuuliza.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba tunachanganya mambo mawili. Kutotaja alama ni jambo moja, kuifuta ni jambo lingine kabisa. NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini iliyoanzishwa Australia mwaka 2006, humwachia msomaji achague: isitajwe alama yoyote, zitajwe baadhi, nyingi au zote. Anabadilisha kwa kubonyeza vitufe viwili, hata akiwa katikati ya aya. Mkato usipotajwa haujapotea. Unapita kwenye sauti ya kompyuta na kugeuka kituo kidogo, kama anavyofanya mtu asomaye kwa sauti. Ukiufuta kwenye faili, hakuna kitufe duniani kitakachourudisha.

Na Kiswahili kinaumia zaidi kwa ufutaji huu kuliko Kiingereza. Mwingereza akiuliza, mara nyingi hupindua maneno, hivyo hata kiulizi kikidondoka swali linabaki swali. Sisi hatupindui. Amekuja. Amekuja? Herufi zilezile, mpangilio uleule. Mdomoni tunapandisha sauti, kwenye karatasi tuna kile kiulizi peke yake, labda na "je" kwa anayependa. Anayefuta kiulizi cha Kiswahili amelifuta swali lenyewe. Mkato nao una kazi zake: "Mzee Juma amefika" ni habari ya Mzee Juma, lakini "Mzee, Juma amefika" ni mtu anamwarifu mzee kuhusu Juma. Mgeni ni mmoja tu, ila nani aandaliwe chai inategemea mkato.

Ushairi ndio unaonitia uchungu hasa. Katika shairi la arudhi lenye mizani kumi na sita, mkato hukaa katikati ya mshororo kutenga ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na utao, nusu ya pili: Nimefika Magomeni, sikumkuta mwenyeji. Nane kwa nane. Kina cha kati kinasikika kwa sababu sauti inatua pale kwenye "ni". Yule kijana wetu alifagia diwani zima bila nia mbaya, na kompyuta ikaporomosha kila mshororo kama kondakta wa daladala anayetaja vituo. Vina vya kati vilikuwamo lakini havikusikika. Mwalimu aliyefundisha Kiswahili maisha yake yote hakuvumilia beti tatu.

Kuna alama nyingine ambayo naona tumeionea tangu zamani, nayo ni ritifaa. Ile ya kwenye ng'ombe, ng'ambo, kung'aa. Vitabu vya sarufi huipanga pamoja na mkato na nukta, ilhali katika ng' haiakifishi chochote. Ni kipande cha herufi. Ngoa ni wivu au tamaa, ng'oa ni kutoa kitu na mizizi yake, na kilichopo kati yao ni kialama kile tu. Amri inayofuta "alama zote" inafuta herufi ya Kiswahili bila kujua.

Hata isipofutwa, ritifaa ina matatizo ya kwake. Kwenye faili moja niliyoletewa nilikuta imeandikwa kwa namna nne: iliyonyooka, iliyopinda kulia, iliyopinda kushoto, na ile ya kulala inayokaa pembeni juu ya kibodi ambayo si ritifaa kamwe. Kwa jicho zote ni ng'ombe. Kwa kompyuta kila moja ina namba yake katika Unicode, orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi na alama namba yake: iliyonyooka ni 0027, iliyopinda kulia ni 2019. Ukitafuta neno kwa ile iliyonyooka, programu nyingi hazitakuonyesha lililoandikwa kwa iliyopinda, na baadhi ya sauti hulivunja neno vipande viwili, "ng" kisha "ombe". Unicode inayo pia namba 02BC, ritifaa inayohesabiwa kama herufi hasa, ambayo kinadharia ingetufaa sana. Kwa vitendo haipo kwenye kibodi za kawaida, kwa hiyo msomaji akitafuta neno kwa alama aliyonayo hatalipata. Mimi huchagua moja, iliyonyooka, na kuitumia kitabu kizima. Huku ni kusafisha, na hakuna wa kukukataza.

Kwa hiyo kambi ya "acheni kitabu kilivyo" nayo isijione imemaliza. Kuacha kila kitu kilivyo ni pamoja na kuacha makosa ya skani, na hayo mwandishi hakuyaandika. Vinyota vya kutenga sehemu za sura viondolewe, nafasi yake ichukuliwe na alama ya mpangilio inayoeleweka na programu ya kusomea EPUB, muundo wa vitabu vya kielektroniki. Faili itajwe wazi kuwa ni ya Kiswahili, maana isipotajwa sauti ya Kiingereza itajitwisha kazi hiyo, na atakayesikiliza atadhani kaweka lugha ya nchi isiyojulikana. Vistari vya kukata maneno viunganishwe. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, unaoruhusu vitabu kugeuzwa katika miundo ya wasioona, unadai pande zote mbili kwa pamoja: kazi ya mwandishi iheshimiwe, na mabadiliko yanayohitajika ili isomeke yafanyike. Ubishi wetu wote umo humo.

Kuna mahali nakubaliana kabisa na yule kijana. Si kila msomaji ana kompyuta. Wapo wanaotaka kitabu kikiwa MP3 kwenye kadi ndogo, wakisikilize kwenye redio ya mkononi au simu ya vitufe wakiwa kwenye mwendokasi kutoka Kimara. Humo hakuna ngazi ya kuchagua, kilichotajwa kimetajwa. Kwa nakala hiyo atayarishaye hana budi kuamua kwa niaba ya msikilizaji, na ni afadhali aamue kwa upole: alama zisitajwe, sauti itue panapostahili, nukuu ndefu ipewe sauti ya pili ikiwezekana. Microsoft inazo sauti mbili za Kiswahili cha Tanzania, Daudi na Rehema, na riwaya yenye msimulizi na mhusika mmoja inaweza kugawanywa hivyo. Ila nakala hiyo itokane na faili mama ambalo halijaguswa. Tulikosea pale tulipofagia faili mama lenyewe.

Halafu yupo mwanafunzi. Aliyejifunza kwa nukta nundu alikutana na kila mkato kwa ncha ya kidole. Anayekua leo kwa kusikiliza peke yake anaweza kumaliza riwaya kumi asijue alama za usemi zinafungwa kabla au baada ya mkato, na kwenye insha hakuna atakayemsamehe kwa sababu vitabu vyake vilisafishwa. Akiunganisha kompyuta na kifaa cha nukta nundu, kidole chake nacho kinagusa kile tu kilichobaki kwenye faili. Kwa vitabu vya shule, basi, mimi sitaki hata kusikia habari ya amri ya kufagia.

Nilimrudishia Mwalimu riwaya yake ikiwa na alama zote, takataka zimeondolewa. Niliporudi baada ya wiki nikamkuta ameipanga kompyuta kwa namna yake: jioni, riwaya bila kutajiwa alama hata moja. Asubuhi, mjukuu wake akimletea insha, anapandisha hadi "zote" na kumsahihisha.

"Hapo umesahau kufunga semi," nilimsikia akimwambia.

"Babu, umejuaje?"

Mwalimu akaurudisha mstari nyuma ili mtoto asikilize mwenyewe.