Mwalimu wa Kihispania hayupo: kipindi kifanyweje?

Katika shule za Marekani mwalimu akiugua hapumziki mpaka aandike kwanza kazi ya siku hiyo. Anatoa taarifa kwenye mfumo wa shule kwamba hatafika, mfumo unatafuta mwalimu mbadala, na yeye na homa yake anaketi alfajiri kuandika andalio la somo litakalofuatwa na mtu asiyemjua. Wengi wetu tuliosoma Afrika Mashariki tulizoea mengine: mwalimu asipokuja, kiranja anaandika notsi ubaoni tunanakili, au kipindi kinaisha kwa kelele. Kule watoto hawaachwi darasani bila mtu mzima. Lazima apatikane mtu, na akipatikana lazima awe na la kufanya.

Somo likiwa hesabu au historia, mtu mzima yeyote aliyesoma anaweza kujikokota mpaka kengele. Kihispania cha mwaka wa kwanza kina shida yake. Anayekuja mara nyingi haijui lugha yenyewe, na hakuna aliyemuuliza kama anaijua. Masharti ya kazi hii hutofautiana jimbo kwa jimbo: California inataka shahada ya kwanza, na yapo majimbo ambako cheti cha sekondari kinatosha. Januari 2022, corona ilipowalaza walimu wengi, jimbo la New Mexico liliomba askari wa National Guard, jeshi la akiba la jimbo, waingie madarasani, na gavana Michelle Lujan Grisham mwenyewe akaenda kushika darasa la chekechea. New Mexico, iliyowahi kuwa sehemu ya Mexico, askari anayezungumza Kihispania hakosekani. Kwingineko ni bahati nasibu, na miongoni mwa wanaoangukiwa na bahati hiyo wamo ndugu zetu wa diaspora wanaofanya ualimu mbadala huku wakisubiri vyeti vyao vya nyumbani vitambuliwe.

Hapo ndipo walimu wa Kihispania wanapogawanyika.

Wapo wanaosema usimbebeshe mgeni asichokiweza. Mwachie karatasi za mazoezi, fumbo la kutafuta maneno, ramani ya Amerika ya Kusini ya kupaka rangi, makala fupi ya Kiingereza kuhusu mchoraji wa Mexico Frida Kahlo au Día de los Muertos, yaani Siku ya Wafu, yenye maswali chini yake. Darasa litatulia na hakuna kitakachoharibika. Mtu asiharakishe kuwaita wavivu. Mbadala aliyesoma Kihispania miaka mingi iliyopita na kukumbuka nusunusu anaweza kuleta hasara kuliko asiyejua kabisa. Akiandika ubaoni "Soy catorce años" (mimi ni miaka 14) kwa kufuata Kiingereza, badala ya "Tengo catorce años" (nina miaka 14), darasa zima linanakili, na mwenye somo akirudi ana kazi ya kung'oa kilichokwisha kuota. Tena ACTFL, baraza la Marekani la ufundishaji wa lugha za kigeni, linauhesabu utamaduni kuwa mmoja wa mihimili mitano ya somo, kwa hiyo kipindi cha kusoma jinsi familia za Mexico zinavyowakumbuka marehemu wao hakijaibwa kwenye Kihispania.

Wa upande wa pili wanalirudisha baraza hilohilo mezani. Tangu 2010 ACTFL linapendekeza asilimia 90 au zaidi ya muda wa somo itumike kwa lugha inayofundishwa. Vipi basi siku mwalimu hayupo asilimia hiyo iporomoke hadi sifuri? Na siku zenyewe si chache. Ripoti ya 2014 ya National Council on Teacher Quality, taasisi ya Marekani inayotafiti ubora wa walimu, iliyochunguza miji mikubwa 40, ilikuta mwalimu wa wastani alikosekana darasani siku 11 kati ya 186 za mwaka wa masomo, kwa ugonjwa, semina na mengineyo. Kwa vipindi vya dakika 50, hizo ni zaidi ya saa tisa. Mtoto anayeanza lugha, ambaye nje ya darasa hasikii Kihispania popote isipokuwa dukani, saa tisa kwake ni nyingi.

Mimi nasimama zaidi na hawa wa pili, na kilichonisogeza ni lile fumbo la kutafuta maneno. Mwangalie mtoto anavyolifanya. Ameambiwa atafute "zanahoria", yaani karoti. Anatafuta Z, kwa sababu Z ni chache, akiiona anaangalia kama jirani yake ni A, anazungushia kalamu, anaendelea. Dakika ishirini baadaye amemaliza maneno yote ya mbogamboga bila kutamka hata moja wala kujua ameyazungushia nini. Herufi zingekuwa za Kifini angemaliza kwa muda uleule. Kama lengo ni utulivu, tuseme ni utulivu, tusiandike kwenye andalio kwamba ni "marudio ya msamiati".

Ila walio upande wangu nao wana kasoro yao, nayo ni kudhani kwamba kuendelea na Kihispania maana yake ni kuendelea na mada. Huwaachii watoto kitenzi kipya na mtu asiyeweza kukitamka. Anachoweza kuachiwa mbadala ni Kihispania ambacho watoto tayari wanakifahamu, wakisome kwa wingi. Mwanaisimu wa Marekani Stephen Krashen amekuwa akidai tangu miaka ya 1980 kwamba lugha hukaa kichwani kwa kuelewa kinachosomwa na kusikilizwa, na hata usipomkubalia yote, siku ya mbadala inampa haki: kusoma unachokielewa hakuhitaji mwalimu amesimama mbele.

Andalio zuri kuliko yote niliyowahi kukabidhiwa nikiwa mwalimu mbadala lilikuwa ukurasa mmoja. Juu, mpangilio wa viti na majina ya wawili wasiokaa pamoja. Chini yake, hadithi fupi ya mvulana anayetaka paka ilhali ana mbwa tu, iliyojengwa kwa vitenzi vilevile ambavyo darasa limeshavizoea: hay (kuna), tiene (ana), quiere (anataka), va (anaenda). Wasome kimya. Wachore hadithi katika visanduku sita, wanakili chini ya kila kisanduku sentensi inayokifaa. Kisha mwalimu mwenyewe anasikika kwenye rekodi akiisoma taratibu, nao wanafuatisha kwa kidole. Majibu yamebanwa nyuma ya karatasi. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka, kuangalia saa na kukusanya. Sikuombwa nitamke neno hata moja, na darasa lilikuwa limesoma Kihispania tangu mwanzo hadi mwisho.

Karatasi, nasisitiza, si kompyuta. Ukiwaambia watoto waandike aya kuhusu familia zao huku skrini iko wazi, utakusanya aya zilizotafsiriwa na mashine, zenye sarufi ya juu kama "hubiera" na "aunque fuese", kutoka kwa watoto ambao wiki iliyopita walikuwa wanahangaika na "me llamo" (naitwa). Mbadala hana njia ya kuligundua hilo. Mwalimu ataligundua akirudi, na hapo ana ugomvi wa kuamua juu ya kazi zote hizo.

Jambo jingine ambalo andalio linapaswa kulikataza waziwazi ni kumgeuza mtoto wa familia ya Kilatino kuwa mwalimu wa siku. Mbadala asiyejua lugha hushawishika haraka: anaona jina, anasema njoo utusomee. Mtoto yule huenda anakielewa Kihispania lakini hajawahi kukisoma kwa maandishi. Huenda wazazi wake wametoka Guatemala na nyumbani wanazungumza Kimam au K'iche', lugha za wenyeji wa huko. Hata akijua vizuri, hakuja shuleni kuhukumu matamshi ya wenzake.

Pingamizi lililobaki ni la muda, na nalikubali. Hadithi yenye rekodi na majibu haiandikwi na mtu mwenye homa saa kumi na moja alfajiri. Inabidi ziwepo tatu au nne kabatini tangu Agosti, mwaka wa masomo unapoanza kule, kila moja ikisogea kidogo kulingana na walikofika watoto, na shule nyingi hazilipi hata saa moja ya kuziandaa. Kwa hiyo mwalimu aliyeamka hoi akiacha ramani ya kupaka rangi kwa siku moja, mimi simlaumu.

Hesabu inabadilika akiondoka kwa muda mrefu. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1993 inampa mfanyakazi anayetimiza masharti hadi wiki 12 za likizo isiyo na malipo akijifungua au kuugua sana. Wiki 12 ni karibu theluthi ya mwaka wa masomo. Hapo hakuna andalio, hata liwe zuri namna gani, litakalomfanya mtu asiyejua Kihispania afundishe Kihispania, na kumwachia mama anayekaribia kujifungua aandike masomo ya miezi mitatu mapema ni kumtwika kazi ya ofisi ya elimu ya wilaya. Ofisi hiyo ndiyo yenye bajeti na orodha ya walimu, na ndiyo inayopaswa kumtafuta anayeijua lugha, hata kama atalipwa zaidi ya mbadala wa kawaida.