Bei za Nyumba za Shela Zapaa Tena Gazetini

Kila kaskazi inapotuletea wageni hapa Lamu, gazeti moja la Nairobi hukumbuka kwamba tungali hai. Mwandishi wake hushuka katika uwanja wa ndege wa Manda, huvuka kwa boti hadi kijiji cha Shela, hupiga picha mlango wa nakshi na bwawa la kuogelea, kisha humhoji dalali ambaye, kwa sadfa njema kabisa, ana nyumba ya kuuza. Jumapili inayofuata tunasoma kwamba nyumba za mapumziko za ufukweni zinagombewa kama mahamri ya asubuhi. Bei inayochapishwa ni ile anayoitamani muuzaji. Iwapo yupo aliyewahi kuilipa, gazeti halisemi.

Ningeyanyamazia haya, lakini hayaishii gazetini. Sisi tuna nyumba ya marehemu bibi yetu mtaani Mkomani, ya mawe ya matumbawe, yenye vidaka vya chokaa na dari la boriti lililoanza kuinama. Warithi wametapakaa kuanzia Mombasa hadi Maskati, na kwa miaka mingi hapakuwa na hata mmoja aliyeitaka, kwa kuwa aliyeitaka ndiye ambaye angeitengeneza. Baada ya makala ya mwisho kila mtu amelikumbuka fungu lake. Binamu yangu mmoja, ambaye hata mazikoni hakuonekana, alipiga simu kuuliza kama fungu la binti hubaki nusu ya la mwana hata pale nyumba inapotazama bahari. Nyumba yetu haitazami bahari. Inatazama zizi la punda la jirani. Nikisema tuchange tununue korija moja ya boriti kabla dari halijatuangukia, naambiwa nisiwe na pupa, kwa sababu huenda mnunuzi akapenda kuibomoa na kujenga upya. Nani atamweleza mnunuzi huyo kwamba mji huu umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001, na kwamba kuta zake hazibomolewi ovyo?

Mpwa wangu naye amekuwa dalali. Machi 2012, marais wawili na waziri mkuu mmoja walipokuja kuzindua LAPSSET, mradi wa bandari mpya ya Lamu na njia za kuiunganisha na Sudan Kusini na Ethiopia, madalali walituambia tununue upesi kabla bandari haijapandisha bei. Mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, mji wa bara katika kaunti yetu, tulipokuwa tukifungiwa ndani usiku kwa amri ya serikali, walisema tununue upesi kwa kuwa bei zimeanguka. Gati la kwanza lilipofunguliwa Mei 2021, ikawa tununue upesi kwa sababu bandari imefika. Nimejaribu kuukumbuka mwaka ambao dalali alisema tungoje kidogo, na bado najaribu.

Makala hizo, kwa marefu yake yote, sijaona zikimkumbusha mgeni asiye raia kwamba Katiba ya 2010 inamruhusu kukodi ardhi kwa muda usiozidi miaka 99, basi. Wala hazitaji kwamba vile vilima vya mchanga vya Shela, vinavyosifiwa kuwa mandhari ya kuvutia, ndivyo vinavyohifadhi maji ya mvua tunayoyategemea mjini. Bwawa la nyumba ambayo mwenyewe huja mara moja kwa mwaka linajaa, na bomba langu linakohoa. Mimi ningeanza habari yangu hapo, lakini sikuombwa kuhojiwa.

Juzi mpwa wangu alileta mteja kutoka Nairobi, bibi mmoja mwenye adabu, aliyekuwa ameikunja ile makala mkobani. Alivisifu vidaka, akalitazama dari, akasogea hatua mbili nyuma. Kisha akauliza gari lake litaegeshwa wapi. Nilitazama kichochoro chetu, ambamo punda wawili wenye mizigo hawapishani mpaka mmoja arudi kinyumenyume, nikamwachia mwenye kazi yake ajibu.

"Mjomba," alininong'oneza, "usiseme kitu." Kisha akamgeukia mteja na kumwambia, bila ya kupepesa jicho, kwamba suala hilo lingali linajadiliwa.