"Mafuta Nitaweka"

Simu za Jumamosi alfajiri nazijua kabla sijazipokea. Mtu anayepiga saa kumi na mbili na nusu, akaanza na habari za watoto, habari za biashara, habari za mvua huko kwenu, huyo hana shida na habari. Anasubiri nimalize kusema nzuri ili aseme: "Sasa kaka, hiyo gari yako leo ina safari?" Nikinyamaza kidogo tu, anaongeza haraka kama mtu anayeweka rehani mezani: "Mafuta nitaweka."

Nina pikapu, Hilux ya singo kebini ya miaka ya tisini, injini ya 3L, dizeli. Naishi Morogoro mjini, nauza pumba na mashudu, na niliinunua kwa kazi hiyo. Siku naileta nyumbani nilidhani nimenunua gari. Kumbe nimenunulia ukoo, mtaa, jumuiya na watu niliosoma nao darasa la nne.

Nianze na hayo mafuta. Shilingi 10,000, ambazo wengi huona ni kiwango cha heshima, kwa bei za sasa hazifiki lita nne za dizeli. Tuseme zinafika. Mafuta ndiyo kitu pekee ambacho gari hula mbele ya macho ya watu: mshale unashuka, kila mtu anaona. Tairi halina mshale. Klachi haina mshale. Bamba la springi linachoka kimya kimya miezi sita, na siku likikatika uko peke yako barabarani, yule aliyeweka mafuta yuko kwake anapiga lipu.

Mwaka jana jirani aliniomba nimchukulie saruji, "vifuko vichache tu". Nafika dukani nakuta risiti imeandikwa mifuko 35. Mfuko mmoja ni kilo 50. Mifuko 20 ni tani nzima, na tani moja ndiyo mzigo wa gari kama hili, tena lilipokuwa jipya. Hiyo 35 ni kilo 1,750, kabla hujawahesabu vijana wawili wa kupakua ambao walikuwa wameshakaa juu yake wanakula mihogo. Nina kipimo changu cha mzigo, nilifundishwa na dereva mmoja mzee wa mkaa: unaingiza ngumi kati ya tairi la nyuma na bodi. Ngumi ikipita, ongeza. Ikigoma, funga kamba uondoke. Siku ile hata vidole viwili vilikuwa vinapita kwa taabu. Nikasema tupeleke mara mbili. Jirani akacheka kwa roho safi kabisa: "Jirani, Hilux hii! Hilux haishindwi."

Sifa hizo zimetuponza sisi wenye nazo. Toyota wanazitengeneza tangu 1968, na kila mtu ana hadithi ya Hilux iliyozama mtoni ikatolewa ikawaka. Sibishi. Ila sijasikia hadithi inayotaja nani alilipa fundi.

Nilibeba zote, na hapo sina wa kumlaumu. Kwenye tuta la pili la mtaani kwetu nikasikia "ka!", gari likainama upande wa kushoto kama mtu aliyechomwa mwiba. Bamba kuu. Nililipa 180,000, pamoja na kazi. Jirani alinipa pole, na pole yake ilikuwa ya dhati. Sasa hivi ukuta wake umesimama, mzuri, nikipita pale huwa naupungia mkono.

Ukiita kirikuu kijiweni, vile vigari vidogo vya mizigo vya kukodi, mnapatana bei kwanza. Hakuna anayemwambia mwenye kirikuu kwamba atamwekea mafuta. Anajua atachekwa. Akitoka pale akanipigia mimi, bei inayeyuka kwa sababu mimi ni ndugu, utadhani chuma nacho kinajua undugu. Kwa hiyo toka mwezi wa pili nina utaratibu: mzigo wa kawaida, nusu ya bei ya kirikuu, inalipwa kabla sijawasha. Nimeitwa mchoyo. Shemeji yangu alisema nimebadilika tangu nipate gari, naye ndiye aliyekuwa akilitumia zaidi. Wapo walioacha kupiga kabisa. Nilidhani itaniuma. Jumamosi iliyopita nililala mpaka saa mbili.

Utaratibu huo haumhusu mjomba. Kwetu Uluguru ukoo unafuata mama, na mjomba akisema neno hakuna mpwa wa kukaa naye kupatana bei. Mjomba analima kabichi na karoti Mgeta, huko juu Nyandira, na kila msimu lazima nipande mara mbili tatu. Sitalalamika. Ukitaka kujua kwa nini mtu na akili zake anang'ang'ania pikapu kuukuu wakati kwa hela hiyo hiyo angepata gari dogo lenye kiyoyozi, njoo tupande wote hiyo barabara.

Unaacha lami ya Iringa pale Sangasanga, unapita Mzumbe, unafika Mlali, na baada ya hapo milima inaanza kukuuliza maswali. Kwenda ni gari tupu, na gari tupu ndilo gumu. Springi zile zimetengenezewa mzigo. Bila mzigo nyuma inarukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba, na kwenye utelezi mkia unataka kutangulia kichwa. Mimi huweka mifuko miwili ya mchanga juu ya ekseli ya nyuma. Mke wangu anasema natembeza mchanga kama mtoto. Mvua ikinyesha ndipo nakumbuka kwamba gari langu ni la zamani: ukitaka four wheel unashuka kwenye tope, unainama, unazungusha kitasa cha gurudumu la mbele kulia, unazunguka, unazungusha cha kushoto, unarudi umelowa mpaka magotini, ndipo unavuta ile gia fupi. Mwenye dabo kebini mpya anabonyeza kitufe na kiatu chake kinabaki cheupe. Nyingi ya hizo, lakini, nyuma zimefunikwa kifuniko kinachong'aa, na kitu kizito kuliko vyote kilichowahi kupakiwa humo ni kreti la soda. Yao hayo, gari ni lao.

Kurudi ni kabichi. Mjomba anafunga lumbesa, magunia yenye vilemba, na kila mwaka namwambia kwamba sheria ya vipimo haitaki hiyo kitu, mwisho kilo 100. Kila mwaka ananijibu kwamba mnunuzi wa mjini ndiye anataka, asipofunga yeye atafunga mwenzake. Mnunuzi analipia gunia moja anabeba moja na nusu, mkulima anaona, na bado anafunga. Ngumi yangu inaniokoa hapo. Mjomba ameshaizoea, sasa yeye mwenyewe huinama akaingiza yake.

Kushuka, namba mbili, mguu mbali na breki. Wapo wanaoachia gari liteleze bila gia ili wabane dizeli. Ukikutana nao kwenye kona unaanza kuinusa breki kabla ya kuliona gari.

Sasa kuhusu watu. Wazee wa Dar watakumbuka chai maharage, pikapu za abiria za enzi zile, watu wamekaa kwenye mabenchi wanatazamana kama wako mgahawani. Vijijini hadi leo siku ya soko pikapu ndiyo basi. Mimi nilikuwa nabeba. Nikishuka Mlali na nafasi ipo, mtu akinyoosha mkono, napunguza mwendo. Mpaka siku kijana mmoja alipokaa juu ya ukingo wa bodi, nikamwambia kaa chini, akakaa, nikaondoka, akapanda tena. Kwenye korongo dogo nilitazama kioo nikamwona. Nilipotazama mara ya pili kulikuwa na anga tupu. Tulimkuta kwenye majani amekaa, bega limeteguka, anatuomba radhi sisi. Tangu siku hiyo nyuma ni mzigo tu. Nikipita kituoni na nafasi tupu, kina mama wenye watoto mgongoni wananitazama, na najua wanachosema nikishapita. Najua pia basi lao litakuja saa ngapi, kama litakuja. Lakini nimekataa, na naona mwenye pikapu yeyote akatae.

Naona hivyo, halafu kuna msiba.

Kwenye msiba simu haina habari za mvua. Mtu anasema, "Mama amefariki, tunampeleka nyumbani kesho," na wewe unasema saa ngapi. Hapo hakuna nusu bei wala mafuta. Unatoa mchanga, unafagia pumba, unamwaga maji mpaka mbao za chini zitakate, unatandika mkeka. Mwezi wa nne nilimpeleka mama wa rafiki yangu kutoka mjini hadi Langali, huko huko Mgeta. Tulikubaliana kabisa: nyuma jeneza na vijana wanne wa kulishika, wengine wote kwenye basi dogo walilokodi. Basi dogo likafia Mlali. Wakashuka kina mama, kumi na wawili, hawakuniuliza kitu. Walikuja na vitenge vyao wakapanda mmoja baada ya mwingine, wakakaa wakilizunguka jeneza, mikono juu ya mbao. Nilifungua mdomo. Bibi mmoja, dada wa marehemu, alinitazama, nikaufunga.

Nilipanda mlima wote ule namba moja na mbili, taa zinawaka mchana. Sijawahi kuendesha hivyo tena. Kila korongo nalishuka gurudumu moja moja. Waliimba kutoka Mlali hadi juu, na kwa jinsi nilivyokwenda taratibu nyimbo ziliisha wakaanza upya. Nilitazama kioo mara nyingi kuliko nilivyotazama barabara, na kila nikitazama nahesabu: kumi na wawili, na vijana wanne.

Jioni, maziko yameisha, nikawa natafuta pa kugeuzia gari, yule bibi akaja dirishani. Amekunja noti ya 2,000 mpaka imekuwa kama kidonge. "Ya mafuta, baba." Nikamwambia bibi, hapana, haiwezekani. Akaisukuma ndani kupitia pale juu ya kioo, ikaangukia kwenye kiti. Nikaichukua nikamrudishia. Akaipokea, akaondoka zake bila neno, nikajua yameisha. Nimeshaweka gia ndipo nasikia kitu kimetua nyuma, puu, na kingine, puu. Kabichi mbili, kubwa, na ile noti imechomekwa kati ya majani ya ile ya juu.

Mchanga nilikuwa nimeuacha nyumbani. Gari tupu lilirukaruka mlima mzima, na zile kabichi ziligongana huko nyuma mpaka Mlali.