Tai chi na meditesheni vinapandisha kinga kweli? Tuangalie pande zote

Siku hizi ukishika simu hukosi kukutana na mtu kakunja miguu anakwambia vuta pumzi hivi, kinga yako itapanda, na chini yake ni mabishano tu, hawa wanasema imewasaidia, wale wanasema ni janja ya kuuza madarasa. Mi naona kila upande una hoja ila kuna kitu wote wanakiruka.

Kwanza hii habari ya stress sio porojo. Mwaka 1991 mtafiti Sheldon Cohen na wenzake walichapisha utafiti ambao watu karibu 400 wenye afya zao walidondoshewa virusi vya mafua puani, makusudi kabisa (sijui nani alikubali hiyo kazi, ila walikubali), na wale waliokuwa na stress nyingi ndio virusi viliwashika zaidi. Kwa hiyo kitu chochote kinachomtuliza mtu kina sababu ya kusaidia, hapo sibishi.

Sasa tai chi, ile ya kusogeza mikono taratibu. Mwaka 2007 Michael Irwin na wenzake wa UCLA kule Marekani walichukua wazee 112, wengine wakaifanya kwa wiki 16 na wengine wakasoma masomo ya afya tu, halafu wote wakachomwa chanjo ya tetekuwanga, maana kirusi cha tetekuwanga ndio hicho hicho kinachoamka uzeeni kikaleta mkanda wa jeshi. Kinga ya wale wa tai chi dhidi ya hicho kirusi ilipanda kwa kasi karibu mara mbili ya wenzao. Yaani huu ndio utafiti unaoshabikiwa sana na wauza madarasa, na ndani yake kuna sindano! Hakuna mzee aliyeambiwa aache chanjo akacheze tai chi. Halafu unamkuta mtu anautumia kupinga chanjo, unabaki mdomo wazi.

Meditesheni nayo ina yake. Kule Wisconsin, Marekani, mwaka 2012 mtafiti Bruce Barrett alilinganisha watu 149 wa miaka 50 na kuendelea, jumla ya siku za kuumwa mafua na vikohozi kwa kundi zima la meditesheni zilikuwa 257, waliofanya mazoezi ya kawaida 241, na wasiofanya chochote 453. Tofauti ni kubwa, ila angalia vizuri, waliotembea haraka na kukimbia kidogo hawakuachwa nyuma hata kidogo. Pia anayemediteti anajua anamediteti, huwezi kumpa feki kama kidonge, na mafua anayaripoti mwenyewe. Timu hiyo hiyo iliporudia na watu 413, tofauti kwenye ukali wa ugonjwa haikufikia kiwango walichojiwekea cha kusema sio bahati tu.

Kwa wenye VVU ndio naona pa kuwa makini zaidi. Utafiti mdogo wa watu 48 Los Angeles ulionyesha CD4 (chembe za kinga ambazo VVU huzishambulia) za waliomediteti hazikushuka, watu wakashangilia, baadae ukaja mkubwa zaidi wa watu 177 na CD4 hazikutofautiana na za kundi la pili. Sisi Tanzania hii tunaijua, mwaka 2011 wakati wa kikombe cha Loliondo, ile dawa ya mitishamba ya babu, kuna watu waliacha ARV, na virusi havikuwasubiri.

Na hata hilo neno kupandisha kinga linanikera, kinga ikizidi inaushambulia mwili wenyewe, muulize mwenye lupus, ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili.

Kwa hiyo bibi mwenye magoti mabovu asiyeweza kukimbia, au mtu asiyelala usiku kwa mawazo, mi ningemwambia ajaribu, haina gharama, ukumbi unatosha, na kama tai chi au meditesheni inamkwaza kidini atembee tu jioni. Ila anayekutoza hela na kukwambia dawa weka pembeni, huyo mkimbie.