Tiketi Niliyolifungulia Jua

Jamaa wa dawati la jirani ameshawatangazia kwamba nililishtaki jua. Uongo mtupu. Nililifungulia tiketi tu, yaani ripoti ya hitilafu, tena bila kujua kuwa ni lenyewe.

Mnajua kazi yangu: naandika programu za kusimamia modemu za intaneti ya setilaiti. Wiki hii dishi la uani kwetu likaanza kupoteza mawimbi saa 6:12 mchana. Dakika 10, kisha linarudi lenyewe, halina habari. Kinachokufa saa ileile kila siku hakinipi shida: kuna kazi imepangwa kwenye seva ijiendeshe saa hiyo. Nikamshuku mwenzangu. (Ndiyo, huyohuyo mtangazaji. Sasa mmeelewa.)

Nikaizima kazi yake. Kesho yake, dakika 9. Nikaandika upya sehemu ya kuunganisha: dakika 7! Jamani, nani asingejipongeza? Nikaitisha kikao. Bosi akaja na bosi wake.

Saa 6:11 grafu iko ukutani, mstari umenyooka kama rula. 6:12 ikapita. Salama! Nikageuka, nikaupa ukuta mgongo, nikakunja mikono kifuani kama mtu anayepigwa picha ya gazeti. "Kama mnavyoona..."

6:14. Niliona nyuso zao kwanza, zinashuka polepole, zote pamoja. Nikageuka. Mstari unainama. "Hiyo kawaida," nikasema. Ukainama zaidi. "Hapo programu inajirekebisha." Ukalala chini kabisa. Nikabonyeza kitufe cha kuonyesha upya mara tatu, ya tatu kwa kidole gumba, sijui kwa nini. Mtu akakohoa. Bosi wa bosi akawa anasoma kikombe chake.

Mlangoni alikuwa amesimama mzee fundi wa madishi, alikuja kutafuta ngazi yake.

"Kijana, huu mwezi gani?"

"Machi, mzee."

"Haya, njoo nje."

Tukatoka wote, kama msafara wa mazishi yangu. Akanyoosha kidole: kivuli cha LNB, kile kifaa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi, kimetua karibu na kitovu cha dishi, doa jeusi kwenye sahani nyeupe.

"Setilaiti iko kilomita karibu 36,000 juu, haibanduki hapo. Machi na Septemba jua linapita nyuma yake. Dishi likiitazama setilaiti linalitazama na jua, kelele za jua zinameza mawimbi. Kila siku linasogea kidogo, dakika zinapungua." Akachukua ngazi. "Kesho litapona. Hata usipoandika kitu."

Likapona. Kazi ya mwenzangu nimeirudisha, radhi nimeomba, tiketi imefungwa. Penye chanzo wameandika "Jua", penye aliyetatua wameandika jina langu.

Na leo nimefungua kalenda ya ofisi nikakuta jamaa kaniwekea kumbusho la Septemba: "Zungumza nalo tena."

Septemba nimeshaomba likizo.