Kafiri wa Mombasa na "kaffir" wa Johannesburg

Machi 2018 mahakama ya Randburg, Johannesburg, ilimhukumu mwanamke Mzungu kifungo cha miaka mitatu, mmoja ukiahirishwa, kwa kuwamiminia polisi weusi tusi la "kaffir". Msomaji wa Tanga au Lamu ana haki ya kushangaa: yaani mtu afungwe kwa kumwita mwenzake kafiri?

Kwa asili, neno ni lile lile. Mzizi wake wa Kiarabu, k-f-r, una maana ya kufunika, na ndiyo maana katika Sura ya al-Hadid, aya ya 20, wafasiri wengi husema kuffar ni wakulima, watu wanaofukia mbegu. Anayeifunika haki ndiye kafiri. Kinachofunika dhambi ni kafara. Kiswahili kilipokea ukoo mzima kikautembeza kitakavyo. Siku hizi gazeti la udaku la Dar es Salaam likiandika kwamba msanii "amefanya kufuru", hakuna anayedhani ameritadi. Amemwaga hela tu. Na methali ya Pwani, "Kafiri akufaaye si Islamu asiyekufaa", inampa kafiri huyo heshima yake bila kuuliza ana rangi gani.

Kusini neno lilipita mikono mingine. Waarabu waliwaita hivyo watu weusi wasiokuwa Waislamu, Wareno wakalichukua na kulitamka "cafre", kisha Waholanzi na Waingereza nao wakalipokea. Njiani dini ilidondoka, ikabaki rangi ya ngozi: Mxhosa aliyebatizwa na kuimba kwaya kila Jumapili aliitwa hivyo hivyo. Vita vya Waingereza na Waxhosa vikapewa jina hilo, hata mtama nao ukabandikwa. Kufikia zama za apartheid, lilikuwa neno la kumwambia mtu mzima kwamba si mtu.

Wapo wanaolitetea kwa kurudi kwenye kamusi: asili yake ni ya kidini, kwa hiyo kosa ni la masikio ya msikilizaji. Hoja hii siikubali. Yule wa Randburg hakuwa akijadili imani ya polisi, na wote waliokuwepo walijua hivyo. Kwa sababu hiyo hiyo, mhariri wa Kiswahili anayeandika "alimwita polisi kafiri" anapotosha habari, kwani msomaji wake atawaza msikiti. Bora aliache neno kwa tahajia ya huko na aseme wazi ni tusi la ubaguzi wa rangi. Wala sisi tusijitoe haraka. Kafiri letu halina rangi, lakini likitupwa kwa hasira kati ya majirani wa dini mbili, nalo linauma.

Hata hivyo, wanaolitetea neno wana hoja yenye uzito pale wanaotaka lifutwe duniani kote wanapoanza kazi. Ndimu yenye ngozi ya mabonde mabonde, ambayo majani yake hutiwa kwenye supu ya tom yum, iliitwa kwa Kiingereza "kaffir lime"; wapishi wengi sasa wanaiita makrut, jina lake la Kithai. Hapo hakuna aliyepoteza kitu. Afghanistan ni habari nyingine. Kafiristan iliitwa Nuristan, nchi ya nuru, baada ya Amir Abdur Rahman Khan kuiteka mwaka 1895 na 1896 na kuwasilimisha wenyeji kwa nguvu. Jina jipya ni zuri, ila lilikuja kwa upanga, na dini ya zamani ikaenda na jina la zamani.

Halafu kuna Sri Lanka. Karibu na Puttalam kuna jamii ndogo ya wazao wa Waafrika, wengi wao waliopelekwa kisiwani na Wareno na wakoloni waliowafuata. Wenyewe hujiita Kaffir bila kuona haya, na nyimbo zao za manja bado zina maneno ya Kireno. Ukiwaendea na hukumu ya Randburg mkononi ukawataka wajibadilishe jina, utakuwa unawanyang'anya mojawapo ya vitu vichache walivyobaki navyo vya kuwatambulisha.